Tagi ya jirani imefungua stoo saa nane usiku, mwenyewe yuko Mombasa. Imewezekanaje?

#1 Bi_Casuarina

Asalaam aleikum wana jukwaa. Naomba wanaoijua mitambo hii wanisaidie, kwa sababu kuna mtu anakaribia kufukuzwa nyumba.

Nakaa kwenye fleti upande wa barabara ya Casuarina, hapa Malindi. Mwenye jengo aliweka geti na stoo ya chini zifunguliwe kwa tagi: unaigusisha kwenye kisanduku ukutani, taa inageuka kijani, sumaku inaachia mlango. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa stoo ikaibwa. Imekwenda pampu ya maji ya akiba, mitungi miwili ya gesi na baiskeli ya mtoto. Asubuhi msimamizi akachapisha rekodi kutoka kwenye kompyuta: geti 02:44, stoo 02:47, nyumba 2B.

Wa 2B aliondoka Alhamisi alasiri kwenda Mombasa kumuuguza mamake, na tagi yake anatembea nayo kwenye shada la funguo. Saa mbili usiku nilimpigia kuuliza hali ya mgonjwa, akaniwekea mamake tukaongea. Lakini kamati imeshakaa, imempa hadi mwisho wa mwezi ahame, na watoto kwenye ngazi wameanza kumwita mwizi.

Mimi nasema karatasi ile inataja nyumba, haitaji mtu. Swali langu: mlango unaweza kufunguka kwa jina la 2B bila tagi ya 2B kuwepo?

#2 Kijana_Maweni

Pole dada. Ila mashine haina chuki na mtu. Kama imeandika 2B, basi ni tagi ya 2B. Ama alimwachia mtu, ama alirudi. Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120 tu, usiku barabara nyeupe.

#3 FundiWaSumaku

Bi_Casuarina, inawezekana, na wala si kazi ya mtaalamu. Kwanza niambie tagi zenu zikoje. Kama ni zile za plastiki za buluu, za duara na tundu la kupitishia pete, soma haya.

Nyingi ya tagi hizo zinafanya kazi kwa masafa ya kilohazi 125, na chipu iliyomo ni ya aina ya EM4100. Ndani haina betri. Ukiisogeza kwenye kisoma kadi, koili ya kisomaji inaipa umeme kidogo, nayo papo hapo inaanza kutaja namba yake, tena na tena, mpaka uiondoe. Haimuulizi anayesoma yeye ni nani. Ni kama mtoto anayemtajia kila mgeni jina la babake. Data nzima ni biti 64, utambulisho wenyewe ni biti 40, nyingine ni za kuanzia na za kukagua makosa. Hakuna siri yoyote humo, hakuna kusimba, yaani kuficha data kwa ufunguo wa siri.

Basi mtu mwenye kifaa cha mkononi cha kukopi anaigusisha tagi yako, anasikia mlio, anaweka tagi tupu inayoandikika (chipu ya T5577 ndiyo wanayotumia wengi), mlio wa pili, kwisha. Ni sekunde chache. Kisoma kadi cha ukutani hakiwezi kuona tofauti, kwa sababu kilichokifikia ni namba ileile.

Sasa muulize kijana wenu: shada lake la funguo limewahi kulala wapi? Kwa fundi wa gari? Kwa anayeosha magari? Kwenye meza ya ofisi?

#4 Bi_Casuarina

Ahsante fundi. Ndizo hizo za buluu. Hii hapa moja mkononi, imechapishwa juu yake 0007641208 halafu 116,39032. Nitamuuliza habari za funguo. Najua gari lake lilikuwa gereji wiki iliyopita, na funguo ziliachwa zote pamoja.

#5 MpokeziWatamu

Dada, futa hiyo namba haraka!! Kwa tagi za aina hiyo, namba iliyochapishwa ndiyo ufunguo wenyewe. Mtu hahitaji hata kuishika, akiipiga picha tu anaweza kuiandika kwenye tagi tupu.

#6 Bi_Casuarina

Tulia mamangu, hiyo ni ya soja aliyeacha kazi. Niliomba ifutwe kwenye mtambo, na nimesimama mlangoni nikaijaribu, ikakataa.

#7 Nyuki77

Kwa kuwa namba imeshawekwa, tuitumie. Chukua 116 zidisha kwa 65,536, ongeza 39,032. Unapata 7,641,208. Kwa hiyo zile namba mbili kwenye tagi ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo fundi hakuligusa. Tagi ina biti 40, lakini visomaji vingi vinazungumza na bodi (sakiti inayoamua mlango ufunguke au la) kwa utaratibu wa zamani uitwao Wiegand, na ule uliozoeleka ni wa biti 26. Mbili ni za kukagua, 8 ni za kundi (hiyo 116), 16 ni za namba (hiyo 39032). Biti 16 za juu za tagi zinaachwa njiani, hazifiki kwenye bodi. Maana yake tagi mbili tofauti kabisa, kutoka viwanda tofauti, zinaweza kufika kwenye bodi zikiwa kitu kimoja. Huenda hakuna aliyekopi chochote. Huenda kuna mtu ana tagi ya jengo jingine inayogongana na ya 2B.

#8 FundiWaSumaku

Nyuki77 hesabu yako ni sawa ila hapo umevuta kamba sana. Biti 24 ni michanganyiko 16,777,216. Eti mtu mwenye tagi ya nje igongane na moja ya jengo la nyumba chache, na mtu huyohuyo awe mwizi, na ajaribu usiku uleule mwenyewe amesafiri? Mimi sikubali.

Ila kuna bodi ambazo waliozifunga waliambiwa zipuuze namba ya kundi, zisome namba ya mwisho tu. Hapo unabaki na 65,536. Na kuna jambo baya zaidi ya yote mawili. Tagi hizi zinanunuliwa kwa boksi, na mara nyingi kwenye boksi zimefuatana: 39032, 39033, 39034. Mwenye jengo anazigawa kwa mpangilio wa nyumba. Basi mpangaji wa 2A akitazama tagi yake, ameshajua ya 2B na ya 2C bila kuzigusa. Bi_Casuarina, linganisha tagi yako na ya jirani wa mlango unaofuata.

#9 Bi_Casuarina

Nimebisha hodi sasa hivi kwa wa mlango wa pili. Zimefuatana. Yangu na yake zimepishana kwa moja.

#10 Kijana_Maweni

Haya, sasa mwizi ni jengo zima 😂

#11 MpokeziWatamu

Kijana cheka, lakini sisi wa mahoteli hatucheki. Nimekaa mapokezi Watamu na hapa Malindi, nimeona kadi za utepe mweusi, zile zikikaa karibu na sumaku ya kifuniko cha simu zinasahau kila kitu na mgeni anashuka na kaptura ya kuogelea kulalamika. Halafu zikaja za kugusisha.

Msidhani ni vitu vya bei rahisi tu vinavyovunjwa. Mwaka 2012 Cody Brocious alionyesha Las Vegas, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat, kwamba vitasa vya hoteli vya Onity vilikuwa na tundu dogo chini, la kuchomeka kifaa cha kuvipanga. Yeye akachomeka kifaa alichotengeneza mwenyewe kwa pesa chache, mlango ukafunguka. Halafu Machi 2024, watafiti akiwemo Lennert Wouters na Ian Carroll wakatangaza udhaifu wa vitasa vya Saflok vya dormakaba, wakauita Unsaflok. Unachukua kadi yoyote ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda, unatengeneza kadi mbili: ya kwanza inabadilisha kitu ndani ya kitasa, ya pili inafungua. Milango zaidi ya milioni 3, nchi 131. Kampuni iliambiwa Septemba 2022, na wakati habari inatoka ni asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa.

Kwa hiyo dada, mwambie mwenye jengo ahamie kwenye kadi za megahazi 13.56, zile za MIFARE. Hizo zimesimbwa.

#12 Nyuki77

#11 nashukuru kwa historia, lakini mwisho umepotoka. Vitasa hivyo vya Saflok vilikuwa vinatumia MIFARE Classic, hizohizo unazozipendekeza.

MIFARE Classic inasimbwa kwa Crypto-1, ufunguo wa biti 48. Karsten Nohl na Henryk Plötz waliifumbua chipu yenyewe na kuieleza Berlin Desemba 2007. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen wakaimaliza kabisa. NXP, wenye chipu hiyo, walikwenda mahakamani Uholanzi kuzuia makala isichapishwe, mahakama ikakataa. Kisha Agosti 2024 Philippe Teuwen wa Quarkslab akaonyesha kwamba kadi za kuiga za Fudan, kampuni ya China, aina ya FM11RF08S, zina mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingia, uliowekwa tangu kiwandani. Na kadi zinazouzwa kama MIFARE kwa bei ya chini mara nyingi ndizo za namna hiyo.

Ukitaka cha maana tafuta DESFire, aina nyingine ya MIFARE yenye usimbaji imara zaidi, tena uhakikishe kisomaji kinazungumza na kadi kwa siri. Kuna mafundi wanakuuzia DESFire halafu kisomaji kinasoma namba ya wazi tu, ile kadi inayoitaja kabla ya kuulizwa chochote. Umelipa bei ya nyama ukala maharage.

#13 MpokeziWatamu

Sijasema zote. Yetu ya sasa si Classic. Lakini sawa, nimekusikia kuhusu Saflok.

#14 Mzee_Ngomeni

Wanangu mnakimbilia kadi, mimi nauliza saa. Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi. Hiyo 02:47 nani kaithibitisha? Bodi ina saa yake ndani, inalindwa na kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi. Kikifa, siku stima ikipotea saa inarudi mwanzo. Na bodi nyingi zinatoka China zikiwa na saa za kule, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano. Kama aliyefunga hakubadilisha, basi 02:47 ya Ijumaa kwenye karatasi ni 21:47 ya Alhamisi kwa saa ya hapa. Saa tatu na dakika arobaini na saba usiku, watu bado wanapita getini, mtu anabeba pampu akasema anaipeleka kwa fundi na hakuna anayemtazama mara mbili.

Mwambie msimamizi aguse tagi yake sasa, aangalie saa ya simu, aangalie rekodi. Ni dakika moja.

#15 Bi_Casuarina

Shikamoo mzee. Nimemwomba, amesema hadi kesho kwa sababu kompyuta iko ofisini kwa wakala. Lakini hata iwe 21:47, saa mbili usiku mimi nilikuwa naongea na mamake huyu kijana kwa simu yake, akiwa Mombasa wodini.

#16 Kijana_Maweni

Marahaba za mzee zisiwapumbaze. Saa mbili hadi saa nne kasoro, barabara ya kilomita 120, mtu na pikipiki nzuri anafika.

#17 Bi_Casuarina

Na mitungi miwili, pampu na baiskeli arudi nayo Mombasa kwa pikipiki, kaka?

#18 Dada_Chumvi

Mimi nasoma tu lakini hapa siwezi kunyamaza. Nilifanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni hapa Malindi, tulikuwa na kadi. Siku moja pesa za mgeni zikapotea, rekodi ikaonyesha kadi yangu iliingia chumba kile saa kumi jioni. Saa kumi mimi nilikuwa dobini naanika mashuka na wenzangu wawili. Hakuna aliyetaka kuwasikia wale wawili. Nilitolewa siku ileile, na mwezi huo sikulipwa.

Baadaye mwenzangu akanieleza kilichokuwa kinafanyika: kadi zetu zilikuwa zinaning'inizwa msumarini jikoni, na yeyote aliyesahau yake alichukua iliyo karibu. Msimamizi alilijua hilo. Rekodi ilisema kweli kuhusu kadi. Kuhusu mimi ilisema uongo. Msimwache huyo kijana afukuzwe kwa karatasi.

#19 Bi_Casuarina

Pole sana dada yangu. Hilo ndilo ninalolipigania.

#20 Wakili_Mtaani

Nachangia kidogo upande wa sheria.

Mmeripoti polisi na kupata namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituoni? Kama hamjaripoti, kamati haina msingi wa kumwita mtu mwizi. Pili, rekodi ya kielektroniki haiingii mahakamani kwa kuchapishwa tu na msimamizi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kutoka kwa mhusika kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na mtambo uliotumika. Pia lazima mtambo uwe ulikuwa unafanya kazi sawasawa wakati huo. Swali la mzee kuhusu saa ndilo litakaloulizwa hapo. Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa huyo kijana haki ya kuziona data zake zinazohifadhiwa. Aombe kwa maandishi rekodi yake yote, si mistari miwili iliyochaguliwa. Wakimnyima, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko.

#21 ShelaLamu

Salaam kutoka Shela, Lamu. Huku mlango wa mbao na komeo, na punda hana tagi 😄

Lakini nauliza kweli: stima ilikuwepo usiku huo? Huku tulifungiwa loki ya sumaku kwenye nyumba moja ya wageni, siku stima ilipopotea na jenereta likakataa, milango yote ilikuwa wazi. Wageni waliona ni jambo la kawaida, mimi ndiye sikulala.

#22 FundiWaSumaku

ShelaLamu umegonga penyewe. Loki ya sumaku inashika kwa umeme. Umeme ukiondoka, hakuna kinachoshika. Ndivyo ilivyoundwa.

Inalindwa na betri, kawaida ni ya volti 12, ampea-saa 7. Loki inayoshika kwa nguvu ya kilo 280 inakula karibu nusu ampea. Mbili ni ampea moja, na bodi na visomaji havijaingia kwenye hesabu. Betri mpya kabisa haifiki saa saba. Na betri hizi za asidi zinachukia joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unapungua karibu nusu. Ziweke kwenye kisanduku cha bati juu ya ukuta wa Malindi unaopigwa na jua mchana kutwa, baada ya muda mfupi ni pambo. Nimefungua visanduku vya namna hiyo hapa mjini nikakuta betri imevimba ubavuni hadi haitoki.

Halafu chumvi. Hizo kilo 280 ni pale bamba la chuma linapolala sawasawa juu ya sumaku. Bamba likishika kutu, au likipinda kidogo, kunakuwa na nafasi nyembamba kama karatasi, na nguvu inashuka vibaya. Nimewahi kuvuta mlango wa geti kwa mkono mmoja, taa nyekundu inawaka, mtambo unaamini umefunga. Mwizi hakuhitaji tagi.

#23 Nyuki77

Ila fundi, mlango ukifunguka kwa stima kupotea au kwa kuvutwa, rekodi haitaandika 2B. Na hapa imeandikwa 2B mara mbili, dakika tatu zimepita katikati, geti kwanza kisha stoo. Huo ni mwendo wa mtu aliyegusisha kitu.

#24 FundiWaSumaku

Sikatai. Nasema tu kwamba huenda aliyegusisha saa 02:44 si aliyebeba. Vitu vinaweza kuwa vimetoka saa nyingine, kwa mlango usioandika. Kwani vitu vya stoo vilihesabiwa lini mara ya mwisho? Pampu ya akiba inakaa miezi bila kutazamwa.

#25 Kijana_Maweni

Kama sumaku inaachia stima ikipotea, si wabadilishe iwe inafunga stima ikipotea? Kazi imekwisha.

#26 FundiWaSumaku

Geti la kutokea watu usilifanye hivyo kamwe, kaka. Moto ukiwaka, kitu cha kwanza kufa ni umeme, na watoto wako nyuma ya mlango. Kuna vitasa vinavyobaki vimefunga upande wa nje lakini ndani unafungua kwa mpini wa kawaida, bila umeme wowote. Hivyo vinafaa stoo. Lakini mlango ambao ndani unategemea umeme ili ufunguke, mimi siufungi hata nikilipwa mara mbili.

#27 Mama_Popo

Yetu ilikuwa inafunguka yenyewe usiku! Kumbe ndani kuna kile kisanduku cheupe juu ya mlango, kinachohisi mtu anatoka. Popo walikuwa wanazunguka barazani, kila wakipita karibu, tak, mlango unaachia. Tulidhani ni mapepo, mume wangu akaenda kumwita shekhe kabla ya kumwita fundi.

#28 Mzee_Ngomeni

Shekhe hana hasara, popo nao wamesomewa. Lakini hilo ni kweli, mwanangu. Kisanduku hicho kinahisi joto linalosogea. Mtu wa nje akipitisha kitu kwenye upenyo wa juu ya mlango, au akipuliza hewa baridi ya mkebe, kinaweza kudanganyika. Kinatakiwa kielekee chini, na upenyo uzibwe.

#29 Bi_Casuarina

Wapendwa, nimerudi na habari. Leo msimamizi amekuja na kompyuta ya wakala, nikakaa naye.

Saa kwanza. Mzee, iko mbele kwa dakika kumi na kitu, si kwa saa tano. Kwa hiyo ni usiku wa manane kweli.

Stima: majirani wawili wanasema ilipotea usiku huo na ikarudi, lakini hawakubaliani ni saa ngapi.

Sasa kubwa. Nikamwambia afungue orodha ya tagi. Kwenye jina "2B" kuna tagi mbili. Moja ni ya huyu kijana. Ya pili iliingizwa zamani, kabla hajahamia. Msimamizi anasema ni ya mpangaji aliyetoka, au ni ile aliyopewa wakala wa kuonyesha nyumba, hakumbuki. Na karatasi aliyotuchapishia ina safu ya tarehe, saa, mlango na nyumba. Safu ya namba ya tagi haimo! Kamati nzima ilikaa ikahukumu mtu kwa karatasi isiyosema ni tagi ipi.

Tena neno la siri la ile programu ni lile lililokuja nalo kutoka kiwandani. Limeandikwa kwenye kijitabu, na kijitabu kimewekwa juu ya kompyuta.

#30 Dada_Chumvi

Allah! Na mtu angekuwa ameshahama.

#31 Nyuki77

Bi_Casuarina, sikiliza sana hapa. Programu ya kompyuta inaonyesha majina, lakini bodi yenyewe huhifadhi matukio na namba za tagi. Kumbukumbu ya bodi ni ya mzunguko, ikijaa inafuta ya zamani ili iandike mpya. Kila mtu anayepita getini anaisogeza ile Ijumaa karibu na kufutwa. Mwambie msimamizi avute matukio yote kutoka kwenye bodi leo, ayahifadhi kwenye faili ikiwa na namba, na asiguse orodha. Wala asiifute ile tagi ya pili kwenye orodha! Aizuie kufungua tu. Ikifutwa kuna programu zitakazoonyesha namba tupu isiyo na mwenyewe.

#32 Kijana_Maweni

Swali la haki kabisa: na ikitoka namba ya tagi ya kijana mwenyewe, mtasemaje?

#33 Nyuki77

Tutarudi kwa #3 na #8. Gereji iliyokaa na funguo, na namba zilizofuatana. Ikitoka ile ya pili, tutamtafuta wakala na mpangaji wa zamani, na hata hapo si ushahidi wa kuiba, ni mahali pa kuanzia kuuliza.

#34 Kijana_Maweni

Yaani kwenu hakuna namba inayoweza kumtia mtu hatiani.

#35 Wakili_Mtaani

Ipo, ikiwa pamoja na kitu kingine. Kamera, shahidi, pampu ikikutwa kwake. Namba peke yake, ya tagi ambayo kifaa cha mkononi kinaikopi kwa sekunde, hapana. Na kwa sasa mwenye jengo ana maswali ya kujibu kabla ya mpangaji: nani alipaswa kufuta tagi ya aliyetoka?

#36 MpokeziWatamu

Hotelini kadi inajifia yenyewe saa ya kutoka kwa mgeni. Nyumba za kupanga hazina hiyo, mtu anahama na tagi inabaki hai miaka. Dada, wakishamaliza, waombe dipoziti ya tagi kwa kila mpangaji. Wanarudisha wenyewe.

#37 ShelaLamu

Dipoziti haizuii kopi.

#38 MpokeziWatamu

Haizuii. Inapunguza tagi zinazozurura tu.

#39 FundiWaSumaku

Bi_Casuarina, niko mtaa wa Barani, si mbali. Jumamosi asubuhi naweza kuja na kompyuta yangu kuvuta matukio kwenye bodi mbele ya kamati, bila malipo. Nitaangalia pia betri na bamba la sumaku ya stoo. Mpaka hapo bodi isizimwe, na kijitabu cha neno la siri kitoke juu ya hiyo kompyuta. Muulize msimamizi bodi ni ya aina gani, kuna jina kwenye kifuniko, unitumie faraghani, usiliweke hapa.

#40 Bi_Casuarina

Nimekutumia. Mwenyekiti wa kamati amekubali Jumamosi, na amekubali suala la kuhama lisimame hadi hapo. Kijana nimempigia, anarudi Ijumaa, mamake ametolewa wodini. Tagi yake anakuja nayo. Kuhusu gereji, anasema funguo zililala huko usiku mmoja.

#41 Mama_Popo

Na anayejua bei ya pampu ya nusu hosipawa siku hizi aniambie, yetu nayo imekufa.